Yote, au Sisemi Kabisa

Mwaka 1975, jalada la Chausiku lilipofika mezani kwa Inspekta Leonardi Nambole, mwendesha mashtaka wa polisi Temeke, lilikuwa na karatasi nne tu, na mbili kati ya hizo zilipingana.

Karatasi ya kwanza ilijazwa na mganga wa zahanati: mtoto wa kike, miaka tisa, viganja vyote viwili vimeungua, jeraha la siku tatu. Ya pili ilikuwa maelezo ya mtoto mwenyewe, kwamba aliteleza akashika kikaango cha moto. Ya tatu ilikuwa maelezo ya mtoto huyohuyo, aliyoyatoa kesho yake, kwamba mjomba wake, Jabiri Mfaume, ndiye aliyemshika mikono akaibandika kwenye kikaango kwa sababu alilamba sukari ya duka la kijiji. Ya nne ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi wa huko Chamazi, Mzee Fakihi, akiomba kwa heshima na taadhima shauri lirudishwe kijijini kwa kuwa ni la ndani ya ukoo, na wenyewe wameshapatana.

Leonardi aliisoma barua ile mara mbili. Alitafuta ndani yake jina la Chausiku na hakuliona.

Yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, mtu wa miaka arobaini na minne, mrefu, mpole wa sauti, mwenye chale za ujana wake mashavuni na kwenye paji la uso. Kazi yake ilikuwa kusoma majalada na kuamua lipi liende mbele ya hakimu na lipi lirudi kabatini. Watu wengi walidhani kazi hiyo ni ya sheria tupu. Na yeye alidhani hivyo, mpaka miaka miwili nyuma alipofungua kwa haraka kesi ya mtoto aliyepigwa na baba wa kambo. Shahidi mmoja hakutokea, mwingine akageuza maneno, na mshtakiwa akaachiwa kabla ya adhuhuri. Leonardi alisimama barazani akamtazama yule mtoto akishikwa mkono na mtu yuleyule, wakaondoka pamoja kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo, jalada la mtoto lilipomfikia, hakulitia saini kabla ya kwenda kuiona nyumba yenyewe.

Mkewe, Eufrazia, aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, alimtambua bila kuambiwa.

"Baba Margareta," alimwambia mezani, "una jalada la mtoto."

"Nani kakwambia?"

"Tangu juzi unatafuna upande mmoja. Ukiwa na jalada la mtoto huwa unatafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa wa jino."

Leonardi alicheka, akahamishia tonge upande wa pili, kisha akamweleza yote. Eufrazia alisikiliza mpaka mwisho. "Nenda kamwone," alisema. "Halafu urudi ule vizuri."

Alikwenda Jumatano, kwa baiskeli, akikokota zaidi ya alivyopanda kwa sababu ya mchanga. Alianzia shuleni. Mwalimu Yuliana, binti wa Songea aliyekuwa na mwaka wa pili tu kazini, ndiye aliyeiona mikono ya Chausiku ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha khanga, akambeba mpaka zahanati kisha polisi. Watu wa kijiji wengine walikuwa hawamsalimu tena.

"Sijutii," alimwambia Leonardi, ingawa macho yake yalionyesha kwamba hakulala vizuri. "Ila nakuomba, afande, kama mnajua hamtalimaliza, msilianze. Mtoto huyu amesema mara moja. Akisema halafu asisikilizwe, hatasema tena."

Chausiku aliletwa. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, mikono imefungwa bendeji. Kwa kuwa hakuweza kushika kalamu, Mwalimu Yuliana alikuwa akimfundisha kwa mdomo, akimuuliza hesabu na yeye akijibu huku ametazama dari. Alimwamkia Leonardi, akakaa kwenye dawati, akamkazia macho usoni kwa muda mrefu.

"Nani alikukata?" aliuliza.

Mwalimu Yuliana alitaka kumkanya. Leonardi akamzuia kwa mkono.

"Fundi wa kwetu. Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko wewe. Ndiyo ilikuwa mila yetu."

"Ulilia?"

"Nililia sana. Wenzangu walinisema mpaka nikanyamaza."

Chausiku alifikiri. "Baadaye je?"

"Baadaye mama alinipikia kuku mzima. Nikala peke yangu."

"Mie sikupikiwa kuku," alisema Chausiku. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayelinganisha vitu viwili na kuona kwamba havilingani. "Mjomba alitoka nje. Bibi akanitia asali. Wakasema nikiulizwa niseme nimeteleza."

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema nimelamba sukari. Mara moja tu. Ilikuwa imemwagika."

Leonardi hakuandika kitu. Alimuuliza anapenda somo gani, akaambiwa hesabu. Akamuuliza kama anamwogopa mjomba. Chausiku alisema anamwogopa akiwa kimya, hamwogopi akiwa anaimba.

Nyumba ya Bibi Mwamvita ilikuwa mwisho wa njia, ya udongo na makuti, uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Bibi mwenyewe alikuwa Mzaramo mfupi mnene mwenye jicho kali. Alimpokea mgeni kwa kigoda na sahani ya muhogo wa kuchemsha na nazi, kisha akakaa mkekani akamwambia kabla hajaulizwa:

"Mie sikuona kitu. Nilikuwa kisimani."

"Sawa, mama."

"Kula muhogo."

Leonardi alikula. Bibi Mwamvita alimtazama akila, na kwa kuwa hakuulizwa tena, ulimi ulianza kumwasha. Akamsimulia habari za Jabiri. Baba yake alikufa Jabiri mwenyewe akiwa wa miaka sita. Dada yake, mama wa Chausiku, alifariki kwa uzazi, na Jabiri, kijana ambaye hajaoa, akasema mtoto hatapelekwa popote, atalelewa hapahapa. Mwaka wa mvua kubwa Chausiku alishikwa na homa ya mapafu. Jabiri alimfunga mgongoni kwa khanga kama mwanamke, akatembea naye ndani ya maji mpaka Mbagala, na watoto wakamzomea njiani.

"Huyo ndiye mwanangu," alisema bibi. "Sasa kijiji kimempa duka alisimamie. Sukari yenyewe inakuja gunia moja kwa mwezi, watu wanapimiana kwa vikombe. Ikipungua wanamtazama yeye. Walimwita mwizi mkutanoni, mbele za watu. Akarudi hapa hasemi na mtu. Akamkuta mtoto na sukari mdomoni." Alimsogezea mgeni sahani. "Lakini mie nilikuwa kisimani."

"Asante kwa muhogo, mama," alisema Leonardi, akainuka.

Bibi alishangaa. "Basi? Umekuja kwa baiskeli kote huko ule muhogo?"

"Muhogo mzuri. Nitarudi."

Njiani alipita kwa Mzee Fakihi. Balozi alikuwa mtu mwema, mwenye kofia safi na wasiwasi mwingi. Alieleza kwamba Jabiri akifungwa, nyumba ile itakosa mtu wa kulima, bibi atadhalilika, na mtoto mwenyewe ndiye atakayelaumiwa maisha yake yote. Leonardi hakuona la uongo katika maneno hayo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima raha, maana kila mtu katika jalada hili alikuwa na sababu, na sababu zote zilimzunguka mtoto mmoja ambaye hakuulizwa.

Siku nne alilala na hesabu yake. Mtoto ametoa kauli mbili zinazopingana. Kwa umri wake, hakimu angetaka ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Mganga ameona majeraha, lakini hakuona aliyeyatia. Mwalimu naye aliambiwa tu. Nani mwingine alikuwepo? Bibi. Bila bibi, kesi ingeanguka kama ile ya miaka miwili nyuma. Bibi akiwepo, ingesimama, lakini angemchukulia mama mwanawe kwa mdomo wa mama mwenyewe.

"Nikitia saini bila huyu mama, namrudisha mtoto mikononi mwa mjomba mwenye hasira," alimwambia Eufrazia. "Nisipotia, namrudisha vilevile, ila kimya kimya."

"Twende wote Jumapili," alisema Eufrazia. "Wewe umekwenda na sare. Hata mie ningekwambia nilikuwa kisimani."

Jumapili baada ya misa walipanda basi mpaka Mbagala, wakamalizia kwa miguu. Eufrazia alichukua gauni alilomshonea Chausiku, la rangi ya bluu, lenye mikono mipana ili bendeji zipite. Bibi Mwamvita alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza ndani nje akikagua mishono, akasema fundi huyu anajua kazi. Jabiri hakuwepo, alikuwa shamba. Kwa siku kadhaa alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni bila kumtazama mtu.

Wanawake wawili walikaa kuchambua kisamvu. Leonardi alipewa kazi ya kukuna nazi, na kwa kuwa hakuwa hodari, Chausiku alikaa mbele yake akimwelekeza.

"Usifike kwenye kifuu, babu, inatoka nyeusi. Hapo. Geuza."

"Nageuza."

"Umeshafika kwenye kifuu."

Bibi Mwamvita alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu kicheko kikaisha, lakini macho aliendelea kuyafuta. Alimwambia Chausiku aende kwa jirani akamwambie atuletee kinu. Mtoto alipopotea nyuma ya nyumba, bibi alisema, hakumtazama Leonardi, alimtazama Eufrazia:

"Sikuwa kisimani. Nilikuwa mlangoni, na ndoo kichwani. Niliitupa ndoo. Nilimvuta shati likachanika. Nikamwambia, Jabiri, muue na mie. Hapo ndipo alipomwachia."

Eufrazia aliendelea kuchambua majani, taratibu. "Pole, mama."

"Alitoka nje akatapika. Mtoto anapiga kelele ndani, mwanangu anatapika nje, na mie katikati. Niende kwa yupi? Nilikwenda kwa mtoto." Alishusha pumzi. "Kila siku namwona anavyoshindwa kushika tonge, namlisha. Na yeye Jabiri anamwona. Hasemi. Angelisema tu, mie ningepumua."

Leonardi aliweka mbuzi ya nazi kando. "Mama, utakuja kuyasema hayo kwa hakimu?"

Bibi alimgeukia na lile jicho kali. "Nitakuja. Lakini nitasema yote. Nitasema alivyomuunguza, na nitasema alivyombeba kwenye mafuriko. Nitasema walivyomwita mwizi. Usinikate kauli katikati ukaniambia, mama jibu ulichoulizwa. Nawajua nyie watu wa mahakama. Yote, au sisemi kabisa."

Leonardi alimwambia atamjibu baada ya siku mbili.

Wakati wa kurudi alilipima jambo hilo mpaka walipoiona barabara ya lami. Shahidi anayemsifu mshtakiwa ni shahidi wa hatari. Hakimu angeweza kusema, kumbe huyu ni mlezi mwema aliyekosea mara moja, tumkanye aende. Wenzake kazini wangemcheka kwa kumweka kizimbani shahidi kama huyo. Alimweleza Eufrazia hayo yote.

"Unataka shahidi, au unataka kasuku?" aliuliza Eufrazia.

Leonardi alisimama njiani akamtazama mkewe, vumbi miguuni, kitambaa cha misa bado kichwani, akacheka. Asubuhi ya Jumatatu aliitia saini hati ya mashtaka ya kumdhuru mtoto mwili, akamwandika Mwamvita binti Sadallah kuwa shahidi namba mbili.

Jabiri alikamatwa bila ubishi. Ilipofika habari ya dhamana, Mzee Fakihi alikuja kumwombea. Leonardi alimwambia hatapinga dhamana iwapo Jabiri hatalala nyumba moja na mtoto.

"Atalala wapi sasa?" aliuliza balozi.

"Kwako, mzee. Uliandika kwamba ni jambo la ndani. Basi mweke ndani."

Mzee Fakihi alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Kisha akakubali, na ni haki kusema kwamba alimtunza Jabiri vizuri kwa wiki zote sita. Akawa pia anapeleka kuni kwa Bibi Mwamvita, na siku moja akamsimamisha Mwalimu Yuliana njiani akamsalimia kwa sauti ili watu wasikie.

Siku ya kesi, Chausiku alivaa gauni la bluu. Hakimu, mtu wa makamo mwenye miwani, alimuuliza kwanza kama anajua tofauti ya kweli na uongo, kama ilivyo desturi kwa shahidi mtoto.

"Najua."

"Uongo ni nini?"

"Ni kusema nimeteleza," alisema Chausiku.

Hakimu aliandika, akamwambia aendelee. Chausiku alisimulia kwa sauti ndogo, akimtazama Mwalimu Yuliana aliyekaa nyuma. Hakulia. Aliposhuka, Mwalimu Yuliana ndiye aliyelia, na Chausiku akaenda kukaa pajani mwake.

Kisha akapanda Bibi Mwamvita. Leonardi alimuuliza swali moja tu, "Mama, tueleze unayoyajua juu ya mwanao na mjukuu wako," halafu akafanya jambo ambalo waendesha mashtaka hawalizoei. Alikaa chini akanyamaza.

Bibi alisema kwa karibu saa nzima. Alisema ya mvua, ya mgongoni, ya mkutano, ya sukari, ya kikaango, ya shati lililochanika. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kusema ameteleza, na kwamba kosa hilo ni lake, si la mtu mwingine. Hakimu hakumkatiza. Alikuwa ameacha kuandika, kisha akakumbuka, akaandika kwa haraka.

"Mshtakiwa," alisema hakimu bibi alipomaliza, "una swali la kumuuliza shahidi?"

Jabiri alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwili wa mkulima, mabega yameinama. Alimtazama mama yake, ambaye alitoka Chamazi kabla ya jua kuchomoza.

"Mama, umekula?"

"Hilo si swali la mahakama," alisema hakimu, lakini kwa upole.

"Nimekula muhogo," alijibu Bibi Mwamvita. "Wewe je?"

"Nimekula." Jabiri alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, sina swali. Aliyosema mama ni kweli. Nilifanya. Mtoto hakuteleza."

Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Hakimu alisema angempa zaidi kama si ushahidi wa mama, na kwamba angesita kumtia hatiani kama si ushahidi wa mama huyohuyo. Leonardi aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama. Aligeuka akamwona bibi amekaa kwenye benchi, ameshikilia ncha ya khanga. Akaenda kukaa karibu naye.

"Umenifunga, Mmakonde," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Si yeye. Mie." Akaiachia ncha ya khanga, akaongeza, "Lakini leo nimepumua."

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Shamba la bibi lilipaliliwa na watu wa kijiji siku za kazi za pamoja, wengine kwa moyo na wengine kwa kununa. Mikono ya Chausiku ilipona. Kidole kidogo cha kushoto hakikunyooka tena, ila kalamu alishika, na mwisho wa mwaka alikuwa wa pili darasani. Bibi Mwamvita alimtembelea mwanawe gerezani kila alipopata nafasi, na akitoka huko hupitia kwa Eufrazia, wanakunywa chai, wanamsema Leonardi akiwa palepale. Leonardi aliwaacha wamseme.

Jabiri alipotoka, hakurudi nyumba ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua. Alijenga kibanda mashambani, mwendo wa nusu saa, na duka hakuligusa tena. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja mpaka ukingo wa uwanja wa mama yake, akapiga hodi, akaketi hapohapo nje. Bibi alimpelekea chakula na kukaa naye. Chausiku alibaki ndani na hakuna aliyemwita. Bibi alikuwa amesema wazi kwamba mtoto hatalazimishwa kumsamehe mtu.

Ikapita miezi. Kisha asubuhi moja Bibi Mwamvita alifika kwa Leonardi na Eufrazia bila taarifa, jasho linamtoka, akakataa hata maji mpaka amalize habari yake.

"Jana Jabiri alikuwa anaimba," alisema. "Kidogo kidogo, huku anasuka ukili wa mkeka. Mtoto akatoka. Akasimama mlangoni kwanza. Halafu akaenda mpaka karibu, si karibu sana, akamwambia, shikamoo mjomba."

"Akajibu?" aliuliza Eufrazia.

"Alishindwa kujibu. Alilia kama mtoto. Chausiku akamngoja. Akamngoja mpaka mjomba akamaliza, akaitikia, ndipo mtoto akarudi ndani kuangalia chungu chake." Bibi Mwamvita alivuta kigoda, akakaa kwa kishindo. "Sasa nipeni hayo maji. Na wewe, Mmakonde, acha kutazama ukutani, chai yako inapoa."

Leonardi alikunywa chai.